Mzunguko Mmoja Tu

Fundi wa lifti alikuwa na kasoro moja ambayo mkewe aliitaja bila kuuma maneno: akishika usukani, anakuwa mtu mwingine. Nje ya gari alikuwa mpole, mwenye subira, mtu wa kusimama juu ya paa la lifti nusu siku nzima akisikiliza kebo moja kama daktari anavyosikiliza kifua. Ndani ya gari alijiona hana mpinzani. Alikuwa na maelezo juu ya kila dereva aliyekuwa mbele yake. Huyu hajui gia. Yule alipewa leseni kwa kuonewa huruma. Na akipitwa, hata kama aliyempita ni gari la wagonjwa, alikunja uso mpaka nyumbani.

"Miaka yote hii sijakwaruza hata kioo cha pembeni," alipenda kusema, na ilikuwa kweli.

"Hujakwaruza kwa sababu wenzako wanakukwepa," mkewe alimjibu, macho yake yakiwa kwenye cherehani.

Basi fundi aliposikia kwamba uwanja wa mbio za magari nje kidogo ya mji utafunguliwa siku moja kwa madereva wa kawaida, waje na magari yao ya kila siku wayakimbize pasipo matuta wala polisi, hakutulia. Akajiandikisha siku hiyo hiyo. Kisha, bila kumuuliza mtu, akamwandikisha na bintiye.

Binti huyo, ambaye baba yake alimwita Kipusa tangu akiwa na meno mawili, alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa na gari dogo la buluu, la mtumba, lenye stika za vipepeo mlangoni ambazo wanafunzi wake walimbandikia siku ya kufunga shule, naye hakupata moyo wa kuzibandua.

"Baba, mimi nitafanya nini huko?"

"Nitakufundisha."

"Si ulishanifundisha?"

"Nilikufundisha kuendesha. Sasa nitakufundisha kukimbia."

Kipusa akataka kukataa, lakini mama yake akamvuta jikoni. "Nenda naye," akamwambia kwa sauti ya chini. "Angalau awepo mtu mmoja mwenye akili zake."

Siku ilipofika wakaongozana, sedani ya fundi mbele, inang'aa utadhani inakwenda kuposa, na kigari cha buluu nyuma. Getini walikutana na kijana wa ukaguzi aliyewaambia watoe kila kitu ndani ya magari yao, kila kitu kabisa, kisichofungwa kisibaki. Kwenye buti la fundi vikatoka jeki, dumu la maji, miamvuli mitatu, mfuko wa skrubu na viatu vya kazi ambavyo mkewe alikuwa ameshavitafuta akakata tamaa. Kwenye gari la Kipusa vikatoka kalamu za rangi zisizohesabika, dubu wa kitambaa asiye na sikio, na mpira mdogo wa plastiki uliokuwa umejificha chini ya kiti.

Kijana akauinua ule mpira. "Huu, dada, ungeviringika ukaingia chini ya breki, ungejua leo ni siku gani."

Kipusa akautazama mpira ule kwa namna mpya. Miezi mingapi alikuwa anatembea nao barabarani? Baba yake alicheka, akampiga begani. "Usitishike. Hawa kazi yao ni kutisha watu."

Waliingizwa kwenye chumba chenye viti vya plastiki na harufu ya kahawa. Ubaoni palichorwa njia nzima ya uwanja, imejikunja kama uzi ulioanguka sakafuni. Mkufunzi mkuu alikuwa mwanamke mrefu, nywele kazikata fupi, sauti yake ya kukwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele ujana wake wote akaja kuchoka. Alizungumza akitembea.

"Leo hakuna mashindano," alisema. "Hakuna saa, hakuna kombe, hakuna anayeandika nani kawahi. Mkiona mtu mbele yenu, huyo si adui, ni mwenzenu aliyelipa kama ninyi. Kupita ni kwenye njia iliyonyooka tu, na ni mpaka wa mbele akunyooshee mkono kwamba pita."

Akaeleza bendera. Ya buluu: nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, mpishe. Ya manjano: mbele kuna jambo, punguza mwendo, usimpite mtu, usisimame kushangaa. Nyekundu: siku imeharibika, wote rudini taratibu. Kipusa alikuwa akitikisa kichwa kwa kila rangi. Kazini kwake nako rangi ndizo zilizoendesha maisha.

"Na gari likikutoka," mkufunzi aliendelea, "magurudumu ya upande mmoja yakaingia kwenye nyasi, usirudishe usukani kwa hasira. Nenda nayo. Nyoosha, punguza, toka kabisa nje kama una shughuli huko. Gari litachafuka. Linaoshwa."

"Hayo ni ya wanaojifunza," fundi alimnong'oneza bintiye.

"Na la mwisho. Asubuhi mnaniogopa mimi, mnaogopa uwanja, mnaogopa hata kivuli chenu, na hakuna kinachotokea. Baada ya chakula hamwogopi mtu. Basi mimi siku yangu ya kazi huanza baada ya chakula."

Watu wakacheka, fundi akiwa wa kwanza.

Tatizo la kwanza lilizuka wakati wa kugawa makundi. Fundi alikuwa amejaza kwamba yeye na bintiye wote ni wazoefu. Mkufunzi akawaita pembeni.

"Uzoefu wenu ni wa uwanja upi?"

"Mimi naendesha tangu huyu hajazaliwa," fundi akasema.

"Uwanja upi?"

Fundi akakohoa kidogo. Kipusa akatazama viatu vyake. Mkufunzi akawahamishia wote wawili kundi la wageni, bila maneno zaidi, na fundi akatoka chumbani akiwa amenuna kama mtoto aliyeshushwa darasa.

Lakini kununa kwenyewe hakukudumu. Asubuhi ile ilikuwa tamu. Mkufunzi alikaa na kila mgeni kwa zamu, kiti cha pembeni, mkono wake ukielekeza hewani: hapa anza breki, hapa acha, tazama mbali, tazama kule unakokwenda. Fundi, akiwa na mkufunzi ubavuni, aliendesha kama mtu anayesafirisha mayai. Waliposimama mkufunzi akamwambia, "Mikono yako mizuri. Ukiendelea kuwa na subira hivi, jioni utakuwa umejifunza kitu."

Fundi alisikia sentensi ya kwanza. Ya pili ilipita kama upepo.

"Kasema nina mikono mizuri," akamwambia Kipusa wakati wa chakula, mdomo umejaa mkate. "Umesikia? Mtu ambaye amekaa na madereva mia."

"Na mimi kaniambia nipumue."

"Upumue?"

"Nilikuwa nabana pumzi kila kona."

Baba yake akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akaanza kumfundisha. Akatumia vijiko, chupa ya maji na kipande cha mkate kumwonyesha jinsi ya kuingia kona kubwa iliyoko nyuma ya kilima, kona ambayo huioni mpaka uwe umeshafika. Kwa maoni yake breki pale wengi wanaikanyaga mapema mno. Kwa maoni yake nusu ya watu wa kundi lao wangefaa wabaki nyumbani. Alimtaja hasa mama mmoja muuza maua, mnene, mcheshi, aliyekuja na kigari cha kijani chenye umbo la mche wa sabuni, na ambaye bado alikuwa na majani makavu kwenye dashibodi.

"Yule naye," fundi akasema, akatikisa kichwa.

Baada ya chakula wageni waliofanya vizuri asubuhi waliruhusiwa kuingia peke yao, bila mwalimu ubavuni. Jua lilikuwa limeipasha lami. Fundi akafunga helmeti, akajiona kwenye kioo, akajipenda.

Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kumharibu. Aliwakuta wawili, wakamnyooshea mkono, akawapita, na kila aliyempita alimwongezea kimo. Kisha kwenye kioo chake kikatokea kitu cha kijani.

Mwanzoni hakukijali. Kwenye njia iliyonyooka alikanyaga mafuta, na kile kigari cha sabuni kikabaki nyuma, kidogo kama kidonge. Lakini kila walipoingia kwenye kona, kilirudi. Kilikuwa pale pale, kimetulia, kinamsubiri. Mshika bendera wa kwanza akampepea ya buluu. Fundi akatazama kwingine. Wa pili akampepea, tena kwa mkono mrefu. Fundi akajiambia kwamba huenda wanampepea mtu mwingine, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

Mwishowe bendera zilizidi, akatoa mkono dirishani shingo upande, na muuza maua akampita huku akipunga kwa furaha, kama jirani anayekutana na jirani sokoni.

Kule kupunga ndiko kulikomchoma.

Akamfuata. Hakujiambia kwamba anamfuata. Alijiambia anajifunza njia. Akaanza kuchelewesha breki, kidogo hapa, zaidi kidogo pale, akikanyaga kwa nguvu dakika ya mwisho mpaka mkanda unamkaba. Kigari cha kijani kilikuwa kinazidi kwenda, bila haraka, bila jasho. Na hapo, kwenye mojawapo ya kona, mguu wake ukamletea habari: pedali ya breki ilikuwa imeshuka. Si sana. Ilikuwa imelainika, kama kukanyaga godoro jipya badala ya sakafu. Harufu ya kitu kilichoungua ikaingia dirishani.

Hakuna mtu katika uwanja ule aliyeelewa maana ya breki laini kuliko yeye. Kwa kazi yake aliwahi kuwateremsha watu wa ghorofa tisa kwa ngazi, wakimlaani, kwa ajili ya breki ya lifti iliyochelewa kushika kwa nafasi ndogo kama unene wa ukucha. Alijua mafuta ya breki yamechemka. Alijua dawa yake ni kupunguza mwendo, kuzunguka polepole mpaka kila kitu kipoe, na kutoka.

Mzunguko mmoja tu, akajisemea. Nimwone tena yule mama, halafu natoka.

Akakipanda kile kilima kwa kasi ambayo hakuwahi kuipandia. Juu pale gari likawa jepesi, tumbo lake likawa jepesi, na ng'ambo yake kona ikamjia yote kwa pamoja, kubwa, karibu. Akakanyaga breki. Pedali ikaenda chini kama haina mwenyewe. Akakanyaga tena, gari likapungua mwendo kidogo, halikupungua vya kutosha, na alipomaliza kukata kona magurudumu ya upande wa kushoto yalikuwa yameshaingia kwenye nyasi, yanatetemesha gari lote.

Mikono ile mizuri ikavuta usukani.

Gari likazunguka kama pia. Aliona uzio, anga, lami, uzio, na mtu wa bendera akiwa amesimama kisha kachuchumaa, halafu lami tena. Kisha pakawa kimya. Injini ilikuwa imezimika. Vumbi lilitua taratibu kwenye kioo. Fundi alikuwa katikati ya njia, mzima, hana hata mchubuko, ameelekea kule alikotoka, anakitazama kilima.

Jambo la kwanza alilohisi ni aibu. La pili lilimjia polepole zaidi. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa nani? Wale wawili aliowapita walikuwa wameshatoka njiani, na katika mpangilio walioingia nao, aliyebaki kumfuata alikuwa Kipusa.

Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikakataa. Akageuza tena. Na hapo akaisikia, ng'ambo ya kilima, sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe, kwa sababu ekzosi ya gari lile aliifunga yeye uani kwake, akiwa amelala chali kwenye gunia. Kigari cha buluu kilikuwa kinapanda.

Kutoka alipokaa hakuweza kumwona mshika bendera wa ng'ambo ya kilima. Hakujua kama bendera imepepewa. Hakujua kama binti yake anatazama bendera au anatazama kona, na aliyemfundisha mchana ule kuchelewa breki hapo hapo, kwa vijiko na mkate, ni yeye. Mkono wake ukaenda kwenye mkanda ili afungue akimbie, akimbilie wapi hakujua, labda kumlaki. Vidole havikuona kitufe. Jasho lilimwingia machoni. Alisikia mdomo wake unasema, "Taratibu, mama. Taratibu, mama," kama alivyomwambia zamani kwenye uwanja wa mpira, siku ya kwanza alipompa usukani, na miguu yake haifiki vizuri.

Pua ya gari la buluu ikachomoza juu ya kilima.

Ilikuwa inakuja polepole. Polepole kabisa, taa za tahadhari zinawaka pande zote, mkono wa Kipusa umenyooka dirishani kuwaonya waliokuwa nyuma yake. Akashuka hivyo hivyo, akalipeleka gari pembeni, akapita karibu na sedani kiasi kwamba vipepeo vya mlangoni vilionekana kimoja kimoja. Ndani ya helmeti macho yake yalikuwa makubwa. Alimnyooshea baba yake kiganja, akakishusha chini mara mbili, ishara ile ile anayowafanyia watoto wa chekechea wanaotaka kuinuka kabla ya wakati: kaa hapo hapo.

Fundi akakaa.

Naye Kipusa hakusimama. Aliendelea, akapotea kwenye kona inayofuata, taa zikiwakawaka. Sekunde chache baadaye bendera nyekundu zikainuka uwanja mzima, na gari la kukokota likaja kumchukua baba mtu, na kamba na kila kitu, mbele ya macho ya kundi zima la wageni lililopangwa kandokando na juisi mkononi.

Hakuna aliyemcheka. Hilo lilimuuma zaidi. Muuza maua alimletea maji na kumuuliza kama shingo haimwumi.

Mkufunzi hakupaza sauti. Aliingia kwenye sedani, akakanyaga pedali ya breki mara kadhaa kwa mguu wake mrefu, akatoka, akaegemea mlango.

"Ililainika lini?"

Fundi angeweza kusema pale pale, ghafla, juu ya kilima. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. "Kabla. Mzunguko mzima kabla."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema mmoja tu."

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Natengeneza lifti."

"Lifti ikilainika breki, unafanyaje?"

"Naifunga. Natundika kibao, naifunga, hata mkurugenzi akija hapandi."

"Sasa hii mbona hukuifunga?"

Fundi akafungua mdomo kumweleza, maana jibu lilikuwa wazi kabisa. "Lifti wanapanda watu," akasema.

Akakisikia alichokisema. Mkufunzi naye alisikia. Alimgusa begani kidogo, akamwambia gari halitembei tena leo mpaka mafuta ya breki yabadilishwe, akaenda kuwapanga watu wa kundi lingine.

Kipusa alikuwa amekaa kwenye kigari chake, mlango wazi, helmeti mapajani. Macho yalikuwa mekundu. Baba yake akaja akachuchumaa karibu na mlango, asijue aanzie wapi, akaanzia pabaya.

"Hukusimama."

"Walisema tusisimame."

"Ndiyo. Ulifanya vizuri."

"Nilitaka kusimama, baba. Mguu wenyewe ulitaka. Niliona gari lako limegeuka, sikuona kama unatikisika, halafu nikaona mkono wako unahangaika na mkanda, nikajua unataka kutoka." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Nikasema akitoka huyu, anayekuja nyuma yangu atamgonga. Ndio nikakwambia ukae."

"Nilikaa."

"Niliona." Akacheka kidogo katikati ya machozi. "Mara ya kwanza maishani umekaa ulipoambiwa."

Fundi alitaka kusema pole. Ni neno fupi, watu wanalitoa kila siku hata kwa mtu aliyejikwaa, lakini yeye alilazimika kulisukuma. Alilisema akiwa anatazama gurudumu la mbele. Kipusa akaitikia kwa kichwa, na baba yake akainuka, magoti yanalia.

Jua lilipoanza kulegea ikatangazwa zamu ya mwisho, na kwamba aliyepasishwa asubuhi anaweza kuchukua abiria. Fundi alikuwa ameshaanza kurudisha miamvuli yake kwenye buti.

"Baba, panda," Kipusa akamwita.

"Mimi? Hapana. Nimeshaona ya kutosha."

"Hujaona kitu. Ulikuwa unatazama gari la kijani siku nzima. Panda."

Akapanda. Akafunga mkanda, akauvuta mara tatu kuhakikisha. Na kuanzia hapo akagundua jambo ambalo mkewe angeweza kumwambia bure: hakuna abiria mbaya duniani kama yeye. Kigari kile hakikuwa na kasi hata nusu ya ile aliyokuwa nayo mchana, lakini kila kona aliishika dashibodi. Mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo mpaka zulia likajikunja. Kwenye kilima alifumba macho.

"Baba, fungua macho."

"Umejuaje nimefumba?"

"Umeacha kupumua."

Akayafungua. Walikuwa wameshaivuka kona na gari lilikuwa limetulia kama maji kwenye bakuli. Mzunguko uliofuata aliyaacha wazi, akamtazama bintiye badala ya lami. Kipusa alianza breki mapema, taratibu, kisha akaiachia, na gari likawa linaingia lenyewe kama linajua njia ya nyumbani. Macho yake yalikuwa mbali mbele, yanaruka kutoka kwa mshika bendera hadi kwa mwingine, yanarudi kwenye kioo, yanakwenda mbele tena, kama mtu mwenye watoto ishirini uwanjani na ukuta mfupi. Muuza maua alipotokea nyuma, Kipusa akatoa mkono mara moja, akampisha, wakapungiana. Na alikuwa anaimba. Chini chini ndani ya helmeti, wimbo wa kuhesabu bata, anaukosea bata wa sita kila mara na kuanza upya.

Fundi hakukumbuka ni lini alikuwa amemwona mtoto wake ana furaha namna ile. Na yeye mwenyewe, ingawa viganja vilikuwa vimelowa, alianza kuonja utamu wake: jinsi mwili unavyoegemea upande mmoja halafu ukaachiwa, jinsi lami inavyofunguka mbele. Mchana kutwa alikuwa amepita hapa hapa bila kuona. Akanyoosha miguu. Akaanza kufurahia.

Ndipo Kipusa akawasha indiketa, akaiacha njia, na kuelekea kwenye maegesho.

"Vipi?" baba yake akauliza. "Gari lina nini?"

"Halina kitu. Mikono imeanza kuchoka."

"Bado kuna muda. Hawajapepea ya kumaliza."

"Najua."

"Basi si tungezunguka hata..." Akaunyamazia mwisho wa sentensi. Kipusa alikuwa ameshazima injini, anafungua helmeti, nywele zimemganda kwenye paji la uso, anatabasamu kwa uchovu.

"Ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nasema nina njaa," fundi akajibu.

Sedani ililala huko huko uwanjani. Wakarudi mjini na kigari cha buluu, dubu asiye na sikio kapakatwa na fundi kwa sababu buti lilikuwa limejaa miamvuli na vitu vingine vya sedani. Njia nzima hakumtoa kasoro dereva yeyote. Alijaribu mara moja, kwa mwenye lori aliyekata kona bila indiketa, akamwanza kwa "Huyu naye," halafu akaamua kumalizia kwa kutazama nje.

Nyumbani mkewe aliwapokea mlangoni, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Alitazama kigari kimoja kimesimama badala ya mawili, akatazama uso wa mume, akatazama uso wa mtoto.

"Gari lako liko wapi?"

"Breki," fundi akasema.

"Breki zimefanya nini?"

Fundi alikuwa hodari wa kusimulia. Kazini walimpenda kwa hilo. Habari ndogo akiishika yeye inatoka na mbawa. Akavuta kiti, akaketi, akaanza vizuri, na lami ya moto, na kilima, na kigari cha sabuni kinachomsumbua. Mkewe akacheka alipofika kwenye kupunga kwa muuza maua. Akafika kwenye pedali. Akasema kweli kuhusu pedali. Akafika kwenye kuzunguka kama pia, akaonyesha kwa sahani.

"Halafu?" mkewe akauliza.

"Halafu nikasikia gari la mtoto linakuja."

Akaishia hapo. Aliweka sahani mezani kwa uangalifu mkubwa, kama inaweza kupasuka kwa kuguswa. Mkewe aliacha kucheka. Alimtazama Kipusa, ambaye aliinua mabega kidogo kusema, nipo, si unaniona. Kisha akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe na kumwekea mikono mabegani, akaibakiza hapo.

"Utanimalizia kesho," akamwambia. "Sasa hivi kula."

Akala. Kipusa hakungoja hata kupakuliwa. Alijilaza kwenye kochi kupumzisha macho kidogo na usingizi ukamchukua na viatu mguuni, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Fundi aliposhiba akaenda akamvua viatu kimoja kimoja, akavipanga chini ya kochi, akatafuta shuka. Mkewe akamuuliza kwa sauti ya chini kama atarudi tena kule uwanjani.

Alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nitarudi," akasema. "Lakini nitaomba nikae na yule mkufunzi siku nzima. Na wewe unakuja."

"Mimi nikafanye nini huko?"

"Uendeshe."

Mkewe akamwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akaichomoa sindano kwenye kola, akaichomeka kwenye kifuko chake, na kusema atafikiria, ila asimwandikishe bila kumuuliza.